Uvira: Barabara ikifungwa, dawa ya mugonjwa wa akili inakatika

Jamaa ya Uvira yenye mugonjwa wa akili inajua safari mbili. Ya kwanza ni kupanda Bukavu, zaidi ya kilometa 100, kupitia Sange, Luvungi na Kamanyola, hadi kituo cha SOSAME. Ya pili ni kuvuka mupaka pale Kavimvira na kuingia Bujumbura, hadi kituo cha Kamenge. Vituo vyote viwili ni vya watawa wa Frères de la Charité. Safari ya Bujumbura ni fupi, mutu anaweza kwenda na kurudi siku moja, kama mupaka uko wazi.

Kama uko wazi. Mwezi wa pili 2025, Bukavu iliingia mukononi mwa M23. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule vita ikafika Uvira yenyewe. Siku kama zile watu wanaulizana bei ya unga, bei ya mafuta, na kama boti inaenda Kalemie ao Kigoma. Mama aliyebakiza vinini vya siku nne vya mutoto wake, nani anamuuliza?

Tumuwaze kijana muvuvi wa Kalundu. Ni mufano tu, lakini wengi watamutambua. Akiwa na miaka 22 anaanza kusikia sauti, halali, anasema majirani wanataka kumutilia sumu. Jamaa inamupeleka kwanza kwenye chumba cha maombi, kisha kwa mufumu, na mwisho kwa munganga. Anapewa haloperidoli, ile wengi wanaita Haldol. Kisha wiki kadhaa anatulia, anarudi ziwani, anauza ndagala kama wengine. Halafu barabara inafungwa, ao yeye mwenyewe anasema: nimepona, vinini vya nini tena?

Wiki ya kwanza bila dawa, hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Pengine anajisikia vizuri kuliko mbele, kwa sababu ule uzito wa mwili umeondoka. Huo ndio mutego. Ugonjwa unaweza kurudi kisha wiki ao miezi, na jamaa haiunganishi tena mambo hayo mawili. Inasema ni ulozi umeanza upya.

Dawa hizi haziui ugonjwa kama vile dawa ya malaria inavyoua vidudu. Zinafanana zaidi na dawa ya tension ao ya sukari: zinauzuia wakati ziko mwilini. Nyingi zinafunga sehemu ya milango ya dopamini, kitu kinachobeba habari ndani ya ubongo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaomba mutu aliyepata psikozi aendelee na dawa angalau miezi 12 kisha kutulia. Si hadi sauti zinyamaze tu.

Mbele ya dawa hizi, Ulaya nayo, mugonjwa wa namna hii mara nyingi alifungiwa. Ya kwanza, klorpromazini (Largactil), ilitengenezwa mwezi wa kumi na mbili 1950 katika kampuni ya Rhône-Poulenc ya Ufaransa. Henri Laborit, munganga wa kupasua, aliona inatuliza watu wake bila kuwalaza kabisa. Mwaka wa 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Haloperidoli ilifuata 1958, kutoka kwa Paul Janssen, Mubelgiji. Kati ya vitu vilivyotufikia kutoka Ubelgiji, hiki angalau tunakilalamikia kwa sababu ya kukaza shingo tu.

Na inakaza kweli. Katika siku za kwanza shingo inaweza kujipinda, macho kupanda juu, ulimi kutoka. Jamaa inakimbia ikisema pepo amerudi. Hapana, ni dawa, na inatengenezeka haraka: sindano ya biperideni ao Artane inafungua misuli. Munganga anayetoa haloperidoli bila kuonya jamaa juu ya jambo hili, mimi naona anafanya kazi nusu, maana vinini vingi vinatupwa kwa sababu ya woga wa siku ile.

Klorpromazini ina taabu zake: usingizi, kizunguzungu wakati wa kusimama, na ngozi kuungua na jua. Jua la bonde la Ruzizi halihitaji musaada. Kofia na shati la mikono mirefu ni sehemu ya dawa. Kwa muvuvi kuna hatari kubwa zaidi, kwa sababu ndagala zinavuliwa usiku kwa taa, na mutu mwenye usingizi wa dawa anaweza kuanguka majini. Mwenye ugonjwa wa bipolari, ule wa kupanda na furaha ya kupita kiasi kisha kushuka na huzuni nzito, ana shida ingine tena: kukosa usingizi kwenyewe kunaweza kuamsha ugonjwa. Miezi ya kwanza ni heri ashone nyavu muchana na kuacha ziwa kwa ndugu zake.

Kwa bipolari kuna lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alionyesha nguvu yake 1949. Ni dawa nzuri, lakini inataka damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu kati ya kipimo kinachoponya na kile kinachotia sumu nafasi ni ndogo. Na Uvira ni muji wa kolera. Mutu anayeharisha na kutapika anapoteza maji na chumvi, na lithiamu inapanda katika damu. Kutetemeka sana, kusema kwa taabu, kutembea kama mulevi: ni mambo ya kukimbilia hospitali, na kumwambia munganga wa kolera kwamba mutu huyu anameza lithiamu.

Dawa zingine za bipolari ni karbamazepini na valproati (Tegretol na Dépakine). Valproati inaharibu mutoto tumboni: uti wa mugongo, akili. Binti ao mama anayeweza kubeba mimba aulize dawa ingine mbele ya kuianza. Karbamazepini nayo inapunguza nguvu ya vinini vya kupanga uzazi.

Neno moja juu ya malaria: mutu akianza kusema ovyo ghafula akiwa na homa, apimwe malaria kwanza. Si kila kuchanganyikiwa ni wazimu.

Turudi kwenye barabara. Kuna dawa isiyohitaji kinini cha kila siku: flufenazini ao haloperidoli ya mafuta, sindano moja kwa wiki mbili hadi nne. Jamaa inayoishi mbali, Makobola ao Mboko, iulize juu yake wakati njia ingali wazi. Kinini kikiwa kinaisha, usingoje siku ya mwisho. Muuguzi wa kituo cha afya aliyefundishwa anaweza kuweka dawa ingine ya jamii hiyo ao kupunguza pole pole. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina programu ya kufundisha wauguzi wa kawaida kazi hii. Valium haichukui nafasi yake. Inaleta usingizi, haiondoi sauti. Na anayetaka maombi aombe, akiwa amemeza kinini chake.

Karatasi moja, ndani ya mufuko wa plastiki pamoja na karti ya uchaguzi: jina la dawa (si rangi ya kinini), miligramu, mara ngapi kwa siku, tarehe ya sindano ya mwisho, dawa zinazomukataa. Ipigwe picha pia kwa telefone ya ndugu aliye muji mwingine. Na kama mugonjwa amelala masaa matatu tu, usiku tatu mufululizo, apelekwe kituo cha afya asubuhi inayofuata, hata kama anasema hajambo.