Unaogopa kufunga ili upungue? Anza na usiku

Wengi wanaotaka kupunguza uzito kwa kufunga hukwama kabla ya kuanza. Hofu ni zilezile: nitapata vidonda vya tumbo, nitaanguka kazini, mama mkwe atadhani nimesusa chai yake.

Vidonda vya tumbo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye H. pylori au dawa za maumivu kama diklofenaki, si kuchelewa kunywa chai. Ila kama tayari unavyo, muone daktari kwanza. Mama mkwe naye aambiwe mapema, kwa heshima.

Hakuna anayekulazimisha kuanza na saa 16. Ukimaliza kula saa 1 usiku ukanywa chai saa 1 asubuhi, umeshafunga saa 12, nyingi ukiwa usingizini. Kaa hapo wiki mbili, kisha sogeza chai hadi saa 3. Maji kunywa, hata chai ya rangi bila sukari. Njaa huja saa uliyozoea kula, kisha hutulia. Lakini ukitetemeka, ukitoka jasho au kuona kizunguzungu, kula, usishindane.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasijaribu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asianze bila daktari, sukari inaweza kushuka ghafla.

Wala usitarajie muujiza. Utafiti wa Guangzhou, China, uliochapishwa 2022, ulifuatilia watu 139 wanene kwa mwaka mzima. Wote walipunguza chakula. Waliobanwa na saa za kula walipungua karibu sawa na wenzao. Kwa hiyo ukifungulia kwa chipsi na soda, mizani haitasogea.