Ustadhi Asiyefikiwa na Tangazo la Jumatatu

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza, shule ya sekondari huanza wiki yake kwa karatasi moja. Karatasi hiyo hubandikwa kwenye ubao wa matangazo katika ofisi ya walimu, au husomwa na makamu mkuu wa shule katika kikao kifupi, na siku hizi aghalabu hutumwa pia katika kundi la WhatsApp la walimu. Humo hutajwa walimu wa zamu wa wiki hiyo, vipindi vilivyohamishwa, siku wanayotarajiwa wathibiti ubora wa shule, na tarehe ya mwisho ya kukabidhi maswali ya mtihani wa nusu muhula. Hufuatia makumbusho ya kila wiki: maazimio ya kazi yaletwe, maandalio ya somo yasainiwe, majarida ya darasa yajazwe, alama za majaribio zifikishwe kwa mwalimu wa taaluma.

Mtu aliye nje ya shule huweza kuyadharau mambo hayo, akayaona kuwa ni shughuli za ofisini tu. Lakini kila mstari wa karatasi ile una mtoto nyuma yake. Alama zisipofika kwa mwalimu wa taaluma kwa wakati, mwanafunzi huonekana hakufanya jaribio. Kipindi cha dakika 40 kikihamishwa bila mwalimu kujua, darasa zima hukaa bure. Orodha ya watahiniwa isipohakikiwa katika siku zilizowekwa, kosa la jina au la somo huenda likamfuata mwanafunzi hadi chumba cha mtihani.

Sasa tujiulize: ni mwalimu gani ambaye karatasi hiyo haimfikii? Katika shule zetu nyingi za serikali, jibu ni ustadhi wa somo la dini.

Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo wengi huifupisha EDK, ni miongoni mwa masomo yanayotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania katika mtihani wa kidato cha nne. Hata hivyo, shule nyingi hazina mwalimu aliyeajiriwa kwa ajili ya somo hilo. Anayelifundisha ni kijana wa msikitini au wa madrasa, anayejitolea, au anayepewa nauli kutokana na michango ya waumini. Huja shuleni mara moja au mbili kwa wiki, hufundisha, kisha huondoka kwenda kutafuta riziki yake. Jumatatu asubuhi hayupo, na pengine hata namba yake ya simu haimo katika orodha ya walimu.

Katika shule moja ya kata ambayo kamati yetu imepeleka ustadhi, siku zake ni Jumanne na Alhamisi. Yapata mara mbili katika muhula mmoja alifika akakuta darasa lake liko maabara, kwa kuwa ratiba ya majaribio ya sayansi ilibadilishwa na tangazo likatolewa Jumatatu. Alirudi nyumbani, nauli imekwenda na somo halikufundishwa. Hayo yalivumilika. Lililotushitua ni la orodha ya watahiniwa. Orodha ilibandikwa Jumatatu, na walimu wote wakakumbushwa kuhakiki wanafunzi wa masomo yao hadi Jumatano jioni. Jumanne hiyo ustadhi alikuwa na udhuru, akafika Alhamisi. Alipoitazama aliona kwamba wanafunzi wanne, waliosoma EDK tangu kidato cha kwanza, hawakuandikiwa somo hilo. Ikawa kheri kwamba mtandao ulikuwa umesumbua siku hizo na taarifa zilikuwa bado hazijapelekwa, hivyo mwalimu wa taaluma akasahihisha palepale. Wanafunzi wale walinusurika kwa sababu ya hitilafu ya mtandao, wala si kwa utaratibu wowote tuliouweka.

Habari ile ilipofika msikitini, baadhi yetu walisema maneno makali. Walisema kuna njama, na kwamba somo la dini linadharauliwa kwa makusudi. Ni haki ya Muislamu kulalamika anapodhulumiwa, lakini pia ni wajibu wake kuhakikisha kwanza kuwa dhulma ipo. Tulipokwenda shuleni na kuuliza kwa adabu, tulikuta mambo ya kawaida kabisa. Ustadhi hakuwahi kutambulishwa kwa barua. Hakuwamo katika kundi la walimu, kwa kuwa simu yake ni ya kitochi. Jina lake halikuwamo katika kitabu cha mahudhurio. Mwalimu wa taaluma alijua tu kwamba kuna kijana huja kufundisha dini, lakini hakujua wa kumpigia simu. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kutomkumbusha asiyemjua.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu deni na namna ya kuliandika. Imeagiza muda wa deni ujulikane, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika jambo liwe dogo au kubwa. Aya hiyo ni ya mali, lakini adabu yake inafaa katika kila amana. Somo la mtoto ni amana, na ukumbusho unaohusu somo hilo unastahiki kuandikwa kwa uangalifu huohuo: nani anatakiwa, afanye nini, lini ndiyo siku ya mwisho, na akishamaliza amjulishe nani.

Tukiyapima matangazo mengi kwa mizani hiyo, tutaona upungufu ambao hauwahusu maustadhi peke yao. Tangazo lisemalo "walimu wakumbuke kuleta alama" halina mwenyewe wala tarehe. Tangazo lililotumwa katika kundi ambalo usiku huohuo limejaa salamu za pole, hongera na video za vichekesho, huzama kabla mwalimu hajalisoma. Na ukumbusho unaorudiwa kila wiki kwa maneno yaleyale, bila mtu kuulizwa kama ametekeleza, mwishowe husikika kama kelele za barabarani. Mwalimu mwenye vipindi vingi na madaftari ya madarasa matatu hana nafasi ya kupekua. Kumwandikia kwa ufupi na kwa uwazi ni katika kumheshimu.

Kamati za misikiti zina nafasi yao katika jambo hili. Kwanza, kila ustadhi anayepelekwa shuleni apelekwe kwa barua kwa mkuu wa shule, ikitaja jina lake, siku zake, namba yake ya simu na namba ya mjumbe wa kamati anayesimamia elimu. Pili, mjumbe huyo awe na mazoea ya kuwasiliana na mwalimu wa taaluma kila Jumatatu mchana, kwa simu ya dakika mbili: ratiba imebadilika? Kuna tarehe yoyote inayolihusu somo letu? Kisha amfikishie ustadhi kwa ujumbe mfupi wa maandishi, ambao hata simu ya kitochi huupokea, na ustadhi ajibu kwamba umefika. Tatu, miezi ya usajili wa watahiniwa iwekewe alama katika kalenda ya kamati mapema, ili katika wiki hizo ustadhi aende shuleni hata kama si siku yake.

Ustadhi naye ana wajibu. Akitaka kuhesabiwa miongoni mwa walimu, basi azimio la kazi liwepo, andalio la somo liwepo, mahudhurio yasainiwe na alama zifike kwa wakati. Kujitolea hakumwondolei mtu dhima ya kazi aliyoikubali. Mwalimu wa taaluma akiona kwamba alama za EDK hufika kabla ya za Hisabati, hatasahau tena kumtafuta mwenye somo hilo.

Mawasiliano yasiwe ya upande mmoja. Shule nayo ina mambo ambayo haiwezi kuyajua vyema bila sisi. Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya miladi, hivyo mwaka mmoja huangukia wiki za masomo, na mwaka mwingine wiki za mitihani. Sikukuu ya Idul-Fitri hutegemea kuandama kwa mwezi, na mpanga ratiba hulazimika kuwa na mipango miwili. Kamati ikipeleka taarifa fupi wiki mbili kabla, ikieleza siku mbili zinazotarajiwa na muda wa swala ya Ijumaa, makamu mkuu ataweza kuiingiza katika tangazo lake la wiki. Walimu wasio Waislamu watajua kwa nini darasa ni tupu saa saba mchana siku ya Ijumaa, au kwa nini mwanafunzi aliyefunga amechoka katika masomo ya jioni. Mengi tunayoyaita chuki huwa ni kutojua, na kutojua huondolewa kwa taarifa.

Wazazi nao hawamo katika kundi la walimu, lakini wanaye mtoto nyumbani. Jumatatu jioni muulizeni: leo mmetangaziwa nini? Akiwa kidato cha nne, muulizeni kama ameiona orodha ya watahiniwa kwa macho yake, kama jina lake limeandikwa kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, na kama masomo yake yote yamo. Msikubali jibu la "nadhani yamo". Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kosa ambalo mapema mwaka lingesahihishwa kwa kalamu, wakati huo halina wa kulisahihisha.

Kamati isiyo na mjumbe wa elimu inaweza kumteua baada ya swala ya Ijumaa hii. Barua ya utambulisho huandikwa kwa nusu saa. Jumatatu ijayo karatasi itabandikwa tena katika ofisi ya walimu, na ustadhi wetu anastahiki kujua yaliyomo kabla hajapanda daladala.

Wabillahi tawfiq.