Je, Wajua? Bagamoyo, Makao Makuu Yaliyosimama Juu ya Mabega

Je, wajua kwamba kabla ya Dodoma, na hata kabla ya Dar es Salaam, makao makuu ya utawala wa Kijerumani katika nchi hii yalikuwa Bagamoyo? Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutawala kutoka hapa mwaka 1888, na mji ukashika nafasi hiyo hadi 1891. Ni miaka mitatu tu, na sehemu yake kubwa ilikuwa vita. Lakini atokaye Dar leo akapita Tegeta, Bunju na Mapinga, kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini, atayakuta majengo ya zama hizo yamesimama, mengine kwa taabu, karibu karibu kiasi cha kuyazunguka kwa miguu.

Je, wajua kilichoinyang'anya Bagamoyo cheo hicho? Bahari yenyewe. Maji ya pwani hii ni mafupi, meli kubwa zikatia nanga mbali, na kila kitu kikashushwa kwa mashua. Dar es Salaam ilikuwa na bandari ya asili yenye kina. Kisha reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikaibeba mizigo iliyokuwa ikishuka Bagamoyo kwa miguu. Mwaka 2013 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa hapo jirani, Mbegani. Kufikia 2019 mpango ulikuwa umekwama.

Je, wajua nani hasa walioufanya mji huu kuwa mji? Wapagazi. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kupitia Tabora, ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mzigo wote ulipita begani au kichwani: pembe za ndovu zikishuka pwani, nguo za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba nyeupe zikipanda bara. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi, na walikuwa watu huru wanaofanya kazi kwa ujira. Walikuja kwa makumi ya maelfu, wakajenga vibanda vyao pembezoni mwa mji, wakala, wakanunua, wakacheza ngoma, wakasubiri msafara wa kurudi. Mgeni asipoambiwa habari hii, atatoka Bagamoyo akidhani kila aliyefika hapa na pembe begani alikuwa na mnyororo shingoni. Watumwa walipita, tena wengi, wakavushwa Zanzibar, na uchungu wao haufai kupunguzwa hata chembe. Lakini mpagazi naye anastahili kutajwa, kwa sababu pasipo mguu wake hata jengo moja kati ya haya lisingesimama. Jumba la Karavanserai, kituo cha misafara katikati ya mji, sasa ni makumbusho. Anza ziara yako hapo kabla ya kwenda popote.

Mwelekezaji aliyewahi kulivuka bara hili ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kupelekwa India. Aliwaongoza wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walioanzia safari yao upande wa Kaole mwaka 1857, akawa na Speke na Grant mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, na Cameron mwaka 1873, ambaye alivuka hadi pwani ya Atlantiki. Majina ya hao wengine yamo katika kila kitabu cha shule. La Bombay lifundishe mwanao wewe mwenyewe.

Ngome Kongwe ilianza mwaka 1860 kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu. Baadaye iliongezwa nguvu zama za Sultani Barghash wa Zanzibar, Wajerumani wakaichukua, ikawa pia gereza na kituo cha polisi. Panda juu uone bahari.

Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1897, serikali ikiwa imekwisha hamia Dar. Likahimili miaka mia moja, kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaangusha sehemu yake. Jengo la mawe ya matumbawe na chokaa halitaki mengi: paa zima na mtu wa kuziba nyufa kabla ya masika. Likikosa hayo mawili, maji hufanya kazi ambayo mizinga haikuifanya.

Je, wajua kwamba Livingstone hakuanza safari yoyote Bagamoyo? Safari yake ya mwisho aliianzia kusini, upande wa Mikindani na Ruvuma, mwaka 1866. Bagamoyo alifika akiwa maiti, Februari 1874. Na habari ya jinsi alivyofika ndiyo hasa inayonifanya nimsihi kila mgeni asimame chini ya mnara wa kanisa la zamani pale Misheni ya Roho Mtakatifu.

Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wafuasi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wangeweza kumzika na kutawanyika, na hakuna ambaye angewalaumu. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakaanza kutembea kuelekea pwani. Tabora wakakutana na Cameron, Mwingereza mwenzake marehemu, akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Mbele ya Tabora wakafika mahali ambapo wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafunga mabua ya mtama katika sanda, wakawapa watu wayabebe kurudi nyuma kama wanaokwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo. Ukapita. Walisafiri miezi kama tisa, na kundi lilikuwa na wanawake pia, akiwemo Halima, aliyekuwa mpishi wa marehemu.

Mwili ulilala usiku mmoja pale misheni, ukavushwa Zanzibar, ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, mmoja wa kundi hilo, alikuwepo mazikoni. Susi na Chuma hawakuwepo: walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha funikwa. Mnara unaitwa wa Livingstone. Kwangu mimi ni mnara wa waliombeba.

Misheni yenyewe ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotoka Zanzibar, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Waliwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji chao. Miembe inayokuongoza kwenda kanisani ilipandwa mwaka 1871. Mwaka uliofuata, Aprili 1872, kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar na pwani hii na kubomoa majengo ya misheni, ambayo yakajengwa tena. Kanisa kubwa unaloliona leo ni la baadaye, la miaka ya 1910 hadi 1914.

Je, wajua habari ya mnyororo uliomezwa na mbuyu hapo misheni? Mbuyu ulipandwa mwaka 1868. Watu wengi wakiuona mnyororo unatokeza kwenye gome husema ni wa watumwa. Ulifungwa na mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akimfunga punda wake hapo, na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaufunika. Bado kinaonekana kipande chake.

Emin Pasha, gavana aliyeokolewa na Stanley kutoka kusini mwa Sudan, alifika Bagamoyo salama Desemba 1889 baada ya safari ya miezi mingi ya hatari. Usiku wa karamu ya kumkaribisha akaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya. Alipona.

Mwezi huo huo, mambo mengine kabisa yalikuwa yakitendeka Pangani. Tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri bin Salim al-Harthi alinyongwa huko baada ya kuongoza vita vya watu wa Mrima, yaani pwani hii, dhidi ya Wajerumani. Vita hivyo vilifika Bagamoyo tangu Septemba 1888. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na asiyeusoma bado anaijua nusu tu ya historia hii, nusu iliyoandikwa na washindi.

Ufukweni Bagamoyo utaona mambo mawili yasiyo mbali moja na lingine: makaburi ya Wajerumani, takriban 20, yaliyozungushiwa ukuta; na mnara wa kumbukumbu mahali Waafrika waliopinga utawala walipokuwa wakinyongwa. Waliolala makaburini wana majina na tarehe zao. Walionyongwa hawakuandikwa majina. Ningependa siku moja watafiti wetu waingie kwenye nyaraka za Berlin na Dar es Salaam na kuyatafuta.

Je, wajua kwamba mmoja wa waandishi wakubwa wa nathari ya Kiswahili alitoka hapa? Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Jungo, unyago, arusi, madeni, uganga, ulaji wa daku: amevieleza kwa lugha iliyonyooka kama anazungumza barazani. Alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa huko, akafia huko mwaka 1927. Sijaona ziara ya mji wa Bagamoyo inayokwenda bila jina la Stanley, na nyingi huenda bila jina la Mtoro.

Na wajua habari ya Sheikh Ramiya? Yahya bin Abdallah aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo. Akakulia katika nyumba ya bwana mkubwa, akasoma, akafanya biashara, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria aliyefuatwa na watu wengi, waungwana na waliokuwa watumwa wakiketi pamoja kwenye zikiri. Wajerumani walipoondoka, baada ya jeshi la majini la Uingereza kuutwaa mji Agosti 1916, Waingereza walimfanya liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Mtoto aliyeingia mji huu akimilikiwa alikuja kuwa mkuu wake, na jamii ya Kadiria hapa bado inaheshimu jina lake.

Kwa mwenye njaa: nenda soko la samaki, jirani na Jumba la Forodha la mwaka 1895. Ngalawa zikiingia mnada huanza hapo hapo mchangani, na changu au pweza hutoka kwenye karai akiwa wa moto.

Kwa mpenda ngoma: Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Tamasha lake la kila mwaka hujaza mji. Wanafunzi hufanya mazoezi siku nyingi, na mara nyingi utawasikia kabla hujawaona.

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini mwa mji, na ni kongwe kuliko vyote nilivyotaja. Msikiti wake wa zamani unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, yaani miaka mia tano na zaidi kabla Bagamoyo haijawa mji wa maana. Kuna misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, mengine yenye nguzo za mawe zilizopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958. Inaaminika kwamba mikoko ndiyo iliyoziba bandari, watu wakasogea kaskazini. Ingia kwa adabu, maana baadhi ya makaburi, likiwemo linaloitwa la Sharifa, bado huombewa dua.

Ukirudi Dar, simama Kunduchi. Kuna makaburi mengine ya nguzo yenye bakuli za China, dakika chache tu kutoka barabarani, na wakazi wengi wa jiji hawajawahi kuyaona.

Ukiwa na siku ya ziada, elekea kaskazini. Saadani ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, nayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania ambapo mbuga ya wanyama inakutana na Bahari ya Hindi. Tembo na twiga wako upande mmoja, mawimbi upande wa pili. Viboko na mamba wamo Mto Wami. Kasa wa kijani hutaga mayai ufukwe wa Madete. Pia ndiyo nchi ya Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani hadi 1890. Usiende wakati wa masika bila gari la kuaminika.

Na wajua habari ya Sewa Haji? Alizaliwa Bagamoyo mwaka 1851, akatajirika kwa kuandaa misafara: yeye ndiye aliyekupatia wapagazi, nguo na shanga ulipotaka kwenda bara, ukiwa Mzungu au Mwarabu. Alitoa mali yake kujenga shule Bagamoyo, akitaka wasome watoto wa rangi zote, na kujenga hospitali Dar es Salaam. Hospitali ile ya zamani haipo tena, lakini jina lilihamia Muhimbili. Mgonjwa anayelazwa leo katika jengo la Sewa Haji amelala katika jina lililonunuliwa kwa fedha ya misafara ya Bagamoyo.