Mtoto Yuko Chuo Kikuu, Mbona Anafanya Kazi?

Tuseme kuna baba mmoja hapa kwetu Kasingirima. Ameuza nyavu na kipande cha shamba la michikichi. Binti yake anasoma udaktari Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Siku moja binti anapiga simu: "Shikamoo baba. Wiki hii sina darasa, niko wodini tangu alfajiri."

Baba anakasirika. "Mimi nimelipa usome, si ukafanye kazi za watu!"

Baba huyu si mjinga. Ametoa mali yake, lazima aulize. Lakini iko kazi ambayo ndiyo masomo yenyewe. Mtazame fundi wa mitumbwi ufukweni. Kijana anayejifunza kwake hapewi maneno tu. Anapewa randa, anapiga ubao, anauharibu, anaanza tena. Anaziba mianya kwa pamba. Mtumbwi ukivuja ndipo anaelewa fundi alikuwa anasema nini.

Udaktari nao hufundishwa hivyo. Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Kairuki, kilichoanzia Mikocheni, Dar es Salaam. Hiki ni chuo cha binafsi, yaani si cha serikali. Profesa Hubert Kairuki alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1987 yeye na mkewe, Mama Kokushubila, walifungua hospitali pale Mikocheni. Miaka 10 baadaye, yaani 1997, wakaanzisha chuo. Hospitali ilitangulia, darasa likafuata. Profesa alifariki mwaka 1999, na chuo kikapewa jina lake. Mwaka 2000 kilipata ithibati, maana yake kilikaguliwa na kukubaliwa. Kilikuwa chuo kikuu cha binafsi cha kwanza nchini kupata ithibati hiyo.

Mwanafunzi wa udaktari husoma miaka 5. Mwanzoni anakaa sana darasani na maabara. Anajifunza mifupa, damu, moyo na dawa. Baadaye anaingia wodini: wodi ya watoto, ya wazazi, ya upasuaji. Anamuuliza mgonjwa, inauma wapi? Tangu lini? Anamsikiliza kifua. Kisha anasimama mbele ya daktari anayemfundisha na kueleza alichokiona. Akikosea anasahihishwa hapo hapo, kabla mgonjwa hajapewa dawa.

Kitabu kinasema mgonjwa wa malaria ana homa. Sawa. Lakini mama aliyebeba mtoto hasemi maneno ya kitabu. Anasema, "Mwanangu anachemka, tangu jana hataki kunyonya." Kuyasikia maneno hayo na kujua la kufanya haraka, hilo mtu hujifunza wodini.

Miaka 5 ikiisha, je, ni daktari kamili? Bado. Anapelekwa katika hospitali iliyokubaliwa na kufanya kazi miezi 12 chini ya madaktari wakubwa. Mwaka huo unaitwa utarajali. Wazazi wengi hawaambiwi habari hii mapema. Wanahesabu miaka 5, halafu wanaanza kuuliza mbona mtoto hajaajiriwa.

Si madaktari peke yao. Wanaosomea ualimu huenda kufundisha shuleni. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, nacho ni cha binafsi. Kinafundisha uandishi wa habari, na kina redio yake. Wazee nao watakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974. Liliamua kijana akimaliza kidato cha 6 asiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza afanye kazi. Utaratibu huo haupo tena.

Hata Marekani wanafanya hivyo. Katika mji wa Boston kiko chuo kikuu cha binafsi kinachoitwa Northeastern. Mwaka 1909 kilianza utaratibu huo na wanafunzi 8 wa uhandisi. Wiki moja darasani, wiki moja kazini, na kazini walilipwa. Hapa kwetu mambo ni tofauti. Mara nyingi mwanafunzi aliye kwenye mazoezi halipwi mshahara. Tena anaweza kupangiwa mji mwingine, akahitaji nauli, chumba na chakula. Hapo ndipo mzazi anapopigiwa simu usiku.

Iko Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Inakopesha hata wanafunzi wa vyuo vya binafsi, na katika mkopo limo fungu la mafunzo kwa vitendo. Lakini si kila anayeomba anapata, na anayepata huenda asipate fedha zote. Tena mkopo si zawadi. Tangu mwaka 2016 aliyekopa akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, yaani shilingi 15 katika kila shilingi 100.

Basi kabla ya kuuza mtumbwi, uliza. Je, chuo hicho kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Usione aibu kuuliza hili. Mwaka 2017 tume ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya. Je, wanafunzi wanafanyia mazoezi wapi? Chuo kina hospitali au karakana yake, au kimepatana na nyingine? Chuo cha udaktari kisichokuwa na wagonjwa ni sawa na fundi wa mitumbwi asiyekuwa na mbao. Na gharama za mazoezi, zimo ndani ya ada au zinalipwa mbali?

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Andika maswali hayo kwenye karatasi, mpe mtoto, na umwambie majibu ayalete yakiwa yameandikwa.