Usimamizi wa Leseni za Mifumo Endeshi ya Seva katika Taasisi za Mbeya na Iringa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta nchini Tanzania kama kazi za maandishi. Taasisi inayolipia mfumo endeshi wa seva, kwa hiyo, hupewa ruhusa ya kuutumia kwa masharti. Haiwi mmiliki wake. Masharti hayo yameandikwa kwa kuzingatia kampuni kubwa, na hapo ndipo ugumu unapoanza kwa vyuo, hospitali na halmashauri za Nyanda za Juu Kusini, ambazo nyingi ni taasisi ndogo kwa kipimo hicho.

Mfano ulio wazi ni Windows Server. Tangu toleo la 2016, malipo hukokotolewa kwa idadi ya viini vya kichakataji, na kiwango cha chini ni viini 8 kwa kila kichakataji na 16 kwa kila seva. Seva kuukuu yenye viini 4 hulipiwa sawa na yenye viini 16. Toleo la Standard huruhusu mashine pepe mbili tu. Anayetaka nne hana budi kuvilipia viini vyote mara ya pili. Juu ya hayo kuna leseni za watumiaji, ambazo husahaulika mara nyingi wakati wa kuandaa bajeti.

Uamilishaji nao una mtego wake. Katika utaratibu wa KMS, seva moja ya ndani huziamilisha nyingine kwa siku 180, nazo hujaribu kuhuisha uamilishaji huo kila baada ya siku 7. Muda huo ni mrefu vya kutosha kuvumilia mawasiliano yanapokatika. Hata hivyo, KMS haifanyi kazi mpaka seva zisizopungua 5 ziwe zimeiomba. Taasisi yenye seva tatu mjini Iringa inaweza kutumia funguo za MAK, ambazo kila moja ina idadi maalumu ya uamilishaji. Aidha, mashine pepe zilizonakiliwa bila kuandaliwa upya kwa Sysprep hubeba kitambulisho kimoja, hivyo hesabu haipandi hata zikiwa kumi. Fundi asiyelijua hilo hudhani mtandao ndio wenye kasoro. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mfano wa muundo ambamo kampasi zaweza kuhesabiwa pamoja, iwapo mkataba ni mmoja na mtandao unaziunganisha.

Linux huonekana kuwa njia rahisi ya kuyakwepa haya yote. Si hivyo kabisa. CentOS 8, iliyotarajiwa kudumu hadi 2029, ilisitishwa tarehe 31 Desemba 2021 kwa uamuzi uliotangazwa mwaka mmoja tu kabla. CentOS 7 ikafuata tarehe 30 Juni 2024. AlmaLinux na Rocky Linux zilijaza pengo hilo bila ada, ila kazi ya kuhamisha mifumo ilibaki kwa fundi wa taasisi, ambaye huenda ni mmoja tu. Gharama hiyo haimo katika ankara yoyote, na mkaguzi wa hesabu hataiona. Kwa hiyo daftari la leseni halina budi kuorodhesha pia mifumo isiyolipiwa, pamoja na tarehe ambayo kila mmoja utaacha kupokea masahihisho ya usalama.