Gari Lililotumika: Hakikisha Kodi Imelipwa Kabla ya Kununua

Mnunuzi wa Bugwema aweza kuvutiwa na gari la bei nafuu lililovuka mpaka wa Sirari likiwa na namba za Kenya. Mara nyingi unafuu huo ni kodi isiyolipwa. Gari lililoingia kwa kibali cha muda haliuzwi nchini kabla ya kulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, unaopanda kadiri gari linavyozeeka, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Likikamatwa, hasara ni ya aliye nalo. Tunakushauri udai kadi ya usajili ya Tanzania, uihakiki TRA Musoma, na uhamishe umiliki kwa jina lako.