Kustaafu na kuhamia Kenya: mlango ni dola 24 000 kwa mwaka

Wazee wastaafu wa Goma, Bukavu ama Bunia ambao wanafikiria kumalizia maisha yao Nairobi ama Mombasa wanapaswa kujua hili mapema: kuingia Kenya si sawa na kukaa Kenya.

DRC ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini anayetaka kuhamia Kenya bila kufanya kazi bado anahitaji kibali, kinachoitwa cha daraja K. Mwombaji awe na miaka 35 ama zaidi, athibitishe mapato yasiyopungua dola 24 000 za Marekani kwa mwaka, yaani 2 000 kila mwezi, na aahidi kutofanya kazi ya mshahara nchini humo.

Hapo ndipo wengi wanakwama. Pensheni ya franka mara nyingi haifiki kiasi hicho. Pesa ambazo watoto wanatuma kutoka Ulaya ama Canada nazo ni ngumu kutegemea, kwa sababu sheria inataka mapato ya uhakika, tena ya mwombaji mwenyewe. Kodi ya nyumba yenye mkataba na makaratasi ya benki inaonyeshwa kwa urahisi zaidi.

Maombi yanafanyika kwa intaneti, pamoja na paspoti, picha, barua na cheti cha polisi cha kutokuwa na hatia. Akikubaliwa, mstaafu anachukua pia kitambulisho cha mgeni.

Kibali kina mwisho wake na kinafanywa upya kwa malipo. Kwa hiyo nyumba ya nyumbani isiuzwe mbele ya jibu kutoka Nairobi.